Vikaratasi vya Argani

Otilia Ndunguru alisoma barua pepe ya Dokta Derek, mkuu wake kazini, mara tatu, na kila mara damu ilizidi kumchemka. Aliagizwa afute safu nzima ya majina ya wanawake kwenye orodha ya miti ya argani. Eti yanajaza nafasi bure.

Mama huyu wa Mbinga si mtu wa kufundishwa miti. Kwao alikuwa bibi misitu miaka kumi na minne, mbegu akizijua kwa kuzigusa tu. Alipohamia Toronto mwaka 2004, cheti chake kikawa karatasi ya kufungia maandazi. Akafagia ofisi za Don Mills miaka mitatu, ndipo chuo kimoja kikampa kazi ya mkataba kwenye chumba cha kuhifadhia mimea mikavu: kubandika majani kwenye karatasi ngumu na kuingiza maelezo yake kwenye kompyuta.

Mwaka 2011 yakaja majani ya argani kutoka Moroko, karatasi mia mbili na kumi. Argani ni mti wa miiba, na kokwa zake hukamuliwa mafuta ambayo akina mama wa Toronto wanajipaka kwenye nywele kwa bei ya kufuru. Dokta Derek alitaka kujua miti hiyo inatofautianaje, na ipi ihifadhiwe kabla ukame haujaimaliza. Na tofauti hizo nani alizijua? Madaftari yake ya porini yalisema wazi. Fadma, mjane, alionyesha miti yenye kokwa za ganda jembamba. Ijja alionyesha ile inayozaa hata mvua zikigoma. Wanawake kumi na saba, wote wamepasua kokwa kwa mawe tangu utotoni. Derek alitembea nyuma yao na kalamu, akarudi na cheo, na kwenye makala yake sasa wanaitwa "wenyeji". Fadhila ya punda ni mateke, lakini hata punda angeona haya kidogo.

Jioni, nyumbani Lawrence Heights, Otilia alizimwaga hasira zake mezani. Binti yake Clara akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Just delete it, Mama. It's not your name."

"Si langu, ndiyo," alisema Otilia. "Bibi yako aliwaonyesha wageni miti ya dawa msitu mzima. Haya, nitafutie jina lake kwenye hiyo simu."

Clara akaiweka simu chini.

Mkataba ulikuwa unaisha Juni, na kukaidi kungemwaga unga. Kesho yake Otilia akafuta ile safu kwenye kompyuta kama alivyoagizwa. Kisha akachukua mkasi na gundi.

Kazi ile ina mila yake, na Derek mwenyewe ndiye aliyemfundisha siku ya kwanza. Lebo haibanduliwi kamwe. Mwenye la kuongeza au kupinga hubandika kikaratasi kando yake, akatia jina lake na mwaka. Basi Otilia akabandika, karatasi baada ya karatasi, kila moja na jina la mwanamke wake, wiki mbili nzima: "Mti huu ulionyeshwa na Fadma. O. Ndunguru, 2011."

Derek aliviona mwezi Mei, uso ukamwiva.

"Nilikuagiza uyaondoe haya majina."

"Kwenye kompyuta nimeyaondoa, Dokta."

"Na hivi vikaratasi? Vibandue."

"Ulinifundisha havibanduliwi. Lakini kupinga ruksa." Akamsogezea kikaratasi kitupu na kalamu. "Andika kwamba si Fadma aliyekuonyesha mti huu. Halafu tia jina lako na mwaka."

Derek akaishika kalamu, akakitazama kikaratasi, akairudisha kalamu mezani na kutoka.

Juni unga ukamwagika kweli. Otilia alirudi kufagia Don Mills, na hadi leo ukimtajia argani anakunja uso. Lakini vikaratasi vyote mia mbili na kumi viko mahali pake, na hakuna aliyethubutu kutia jina lake kuvipinga.