Kiapo cha Bata wa Vitunguu

Sheria ya nchi yasema, na imesema hivyo tangu enzi za wafalme, kwamba talaka iliyofungwa kwenye sharti, ikiwa msemaji hakukusudia lolote ila kumshurutisha mtu atende jambo au aliache, haina athari yoyote. Ni sheria nzuri. Bila hiyo, mji wetu wa Dumyat usingekuwa na mwanamume mwenye mke ifikapo adhuhuri. Huku mtu hamkaribishi mwenzake chai ila kwa kuiweka ndoa yake rehani: "Talaka inipate usipokaa." Mgeni hukaa, chai huja, na ndoa huendelea.

Wakili Ibtihal Shalabi ameifafanua sheria hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi kwa asili. Ofisi yake iko juu ya duka la vanishi, na harufu yake hupanda hadi juu, kwa hiyo wateja hushuka ngazi wakiwa na kichwa chepesi, nao hudhani ni nafuu ya ushauri. Alisomea Iskandaria, akarudi kwao, akaolewa na mpima ardhi asiyependa kuongea. Husema ndoa yao imedumu kwa sababu maneno yote huishia kazini. Hajawahi kumwambia mteja avumilie, wala hajawahi kumwambia aondoke. Ana kanuni moja tu: mtu aseme anachotaka kwa sentensi moja, bila kumtaja mtu mwingine ndani yake. Wengi hushindwa. Mzee mmoja alishinda pale kutwa nzima, akamaliza birika zima la kahawa, kisha akarudi kwa mkewe kwa kukosa sentensi.

Mwaka jana, baada ya Idi Ndogo, walipanda ngazi zile Fundi Metwalli, mchonga vitanda vya maharusi, na mkewe Nagat. Walikaa wakiacha kiti kitupu katikati.

Kisa chao kilikuwa hiki. Wagdi, kaka yake Nagat, aliwatembelea sikukuu, akaandaliwa bata aliyejazwa vitunguu. Wagdi ana vidonda vya tumbo na daktari amemkataza mafuta. Metwalli, ambaye hajui njia nyingine ya kukirimu, akaapa kuwa talaka impate yeye mwenyewe ikiwa shemeji yake hatalimaliza paja lile. Wagdi akalitazama paja, akamtazama dada yake, akavaa viatu akaenda zake. Nagat naye akafunga nguo zake, akahamia kwa mama yake, kwani sharti lilikuwa limewekwa na halikutimizwa. Tangu hapo wanawake wa jengo lao wakagawanyika: ghorofa za chini wakasema ameachika, za juu wakasema bado. Yeye mwenyewe hakujua akae eda au arudi akaoshe vyombo. Hilo ndilo lililomleta.

"Ustadha, mwambie," Metwalli akaanza. "Mimi nilimkirimu shemeji yangu. Ukarimu umekuwa kosa siku hizi?"

"Ulikusudia kumwacha mkeo?"

"Nimwache kwa paja la bata? Nina akili zangu."

"Ulikusudia nini, basi?"

"Ale."

Ibtihal akamgeukia Nagat. "Kisheria hapo hakuna talaka, dada yangu. Wewe ni mke wake, na ulikuwa mke wake siku zote ulizokaa kwa mama."

"Umesikia, Mama Rihab?" Metwalli akajinyoosha kitini. "Si nilikwambia ni maneno tu? Mama yako ndiye aliyekuwa anapima sanda nikiwa bado napumua."

Nagat akamuuliza wakili, "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hata kama nilishazoea?"

"Ulizoea nini?"

"Kuachika."

Metwalli akacheka. "Anatania huyu. Kwao wote watani."

"Sitanii, Baba Rihab. Ukiapa sokoni, muuza nyanya anajua mimi naachika kwa kilo mbili. Mwenye mkahawa anajua. Ukicheza domino, wenzako wananichezea mimi. Siku ile nikasema haya, leo kanicheza, kanipoteza. Nikalia sana. Kulipokucha nikaamka, na siko rehani kwa mtu."

Fundi si mtu mbaya. Mjini hakuna aliyewahi kumsikia akimpandishia mkewe sauti.

"Nitaacha viapo," akasema.

"Utaacha kweli?" Ibtihal akauliza.

Metwalli akaweka kiganja kifuani. "Talaka inipate, Ustadha, nikiapa tena."

Chini dukani mtu alikuwa anagongagonga mfuniko wa kopo. Wa mwisho kusikia kilichosemwa alikuwa aliyekisema.

"Dada Nagat," Ibtihal akasema, "sasa nambie unachotaka. Sentensi moja, na usimtaje mtu."

"Nataka khului."

Ibtihal husema hajapata kusikia sentensi fupi kama hiyo. Akamweleza mambo yalivyo, taratibu: khului ni mke kujivua ndoa mwenyewe, hivyo atarudisha mahari aliyotangulizwa na kuisamehe ile aliyoahidiwa baadaye, malezi ya Rihab na matumizi yake hayaguswi, kwa kuwa haki ya mtoto haiuzwi kwenye khului, mahakama itajaribu kwanza kuwapatanisha, asikasirike, ndiyo kazi yao, hatatakiwa kuthibitisha kosa, atasema tu kwamba hawezi kuendelea.

"Na akikataa?"

"Haulizwi."

"Lakini mimi sijamwacha," Metwalli akasema. "Wewe mwenyewe umesema hivyo sasa hivi."

"Ni kweli, Fundi. Hujamwacha."

Mbele ya wapatanishi Nagat aliulizwa sababu, akasema bata. Karani akafikiri kidogo, akaandika kutoelewana. Wakamsihi afikirie tena. Akafikiria, kwa adabu, na siku aliyopangiwa akarudi na sentensi yake ileile. Hukumu ya khului ilitoka msimu wa mapera.

Fundi Metwalli huwaambia wenzake mkahawani kwamba yeye hajaacha mke maishani mwake, nao hukubali, maana kisheria ndivyo ilivyo. Siku hizi anapika mwenyewe.