Nilijibu "conforme" kwenye fomu ya meno London, nusura nirudishwe nyumbani na meno yangu ya kahawia

Wakuu, habari za muda huu. Hili limenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi, na bado halijaisha.

Mimi ni mtu wa Maji ya Chai, Arusha. Waliopita kule wanajua: maji yana madini, na sisi tuliokua tukiyanywa meno yametoka na rangi ya kahawia. Hayaumi. Mahindi ya kuchoma yanayatafuna vizuri tu. Ila nina miaka arobaini na nne na sina picha hata moja niliyocheka.

Nyumbani hakuna aliyeniuliza, maana darasa zima tulikuwa hivyo. (Nikikumbuka darasa lile likicheka kwa pamoja, natamani kufungasha leo leo.) Kufumba mdomo nimejifunzia huku.

Nilimaliza form four nikaanza kuzurura. Mombasa, halafu Hispania miaka tisa nikivuna letusi, halafu London kabla Uingereza haijajitoa Umoja wa Ulaya. Sasa nipo Edmonton, humo humo London, kazi warehouse. Hata hapa nimeshahama vyumba vitano.

Mwaka huu nikatumwa kliniki moja upande wa Stratford, waangalie kama meno yanaweza kufunikwa. Kwenye kompyuta yao Kiswahili hakikuwepo. Wakasikia nimetokea Hispania, wakaniandika mgonjwa wa Kihispania. Sikubisha. Kihispania changu ni cha shambani lakini kinatembea.

Kumbe walikuwa wanatafsiri fomu inayouliza umeridhika kiasi gani na meno yako, tabasamu lako, uso wako. Ilitungwa kwa Kiingereza, sasa wanaijaribu kwa wanaoongea Kihispania. Na daktari naye huitazama kabla ya kuamua amhudumie nani.

Tukaitwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa Bolivia, Doña Elvira, anasafisha maofisi, meno mawili ya mbele hana. Aliyetusimamia ni binti wa Madrid, Lucía.

Swali la kwanza: uko "conforme" na meno yako? Nikaweka alama ya juu kabisa. La pili, conforme. La tatu, conforme. Nilimaliza kabla chai haijapoa. Doña Elvira hivyo hivyo.

Daktari akasoma fomu yangu, akafurahi. "Safi sana. Umeridhika kabisa. Basi hatuna haja ya kuyagusa."

Nikasema thank you.

Wakuu, nilisema thank you! Nikachukua na koti.

Doña Elvira akanidaka mlangoni. "Mwanangu, umetoka kote huko kuja kuwaonyesha koti?"

"Mbona na wewe mama umejaza umeridhika, na meno huna?"

"Nani kasema nimeridhika? Nimesema conforme. Mungu kachukua mawili, kabakiza mengine. Nipigane naye?"

Nikasimama palepale. Kule shambani kila Jumamosi msimamizi alituletea karatasi ya masaa. Chini imeandikwa conforme, unasaini. Maana yake nimekubali, sina neno. Masaa yawe sawa yasiwe sawa, unasaini, kwa sababu asiyesaini Jumatatu haitwi. Miaka tisa mkono wangu haujawahi kukataa.

Nikarudi ndani na koti langu. "Lucía, hili neno libadilisheni. Sisi hatujajibu, tumesaini."

"Lakini kamusi inasema ni sawa na kuridhika."

"Kamusi haijavuna letusi."

Akacheka, halafu akaacha. "Sasa nikuulizeje?"

"Niulize kama nayapenda."

"Haya. Unayapenda?"

Nikaliweka koti mezani. "Hapana."

"Na mimi niulize hivyo hivyo!" Doña Elvira akapaza sauti, tayari ameshavuta kiti.

Lucía akakata lile neno kwa kalamu, akaandika jipya, tukajaza upya. Daktari akaifuta kauli yake.

Wiki iliyopita amenifunika jino moja la mbele, la majaribio. Jeupe kama sahani. Njia nzima kwenye basi nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Limekaa katikati ya wenzake kama mgeni aliyejipenyeza kwenye picha ya familia. Nikafungua mdomo nikalicheka, nikafumba, nikafungua tena.

Nimepewa wiki mbili niamue kama amalizie mengine. Usingizi hauji vizuri. Siku nyingine nataka yote, siku nyingine nataka abandue hilo funiko jeupe nirudi nilivyokuwa.

Nilichojifunza: ukiwekewa fomu mbele yako, usikubali kwa sababu tu umezoea kukubali. Neno lisipokukaa sawa, sema hapo hapo, hata kama umeshachukua koti.

Sasa wenzangu wa Usa River, Moshi, Singida, mliowahi kuyafunika: niendelee au niishie hapa? Utani ruksa, matusi pia nitayasoma. Ombi langu ni moja, asije mtu akaniandikia "yoyote sawa tu mkuu."