Petro wa Kwenye Karata

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ni katekista hapa Murusagamba. Padri wetu Mwitaliano alipokwenda likizo kwao, nilikuta kabatini mwake picha ndogo za rangi: papa, shetani, malaika mwenye tarumbeta. Nikajua ni za mafundisho ya dini. Nikawafundishia waumini, tena kwa mbwembwe.

Mama Veronika, ambaye mumewe alikuwa vitani Uganda, aliniuliza kuhusu picha moja, ya mtu aliyening'inizwa mguu juu, kichwa chini. "Mtakatifu Petro," nikajibu bila kupepesa macho. Si alisulubiwa hivyo? Nikampa ile picha akasali mbele yake nyumbani, mumewe arudi salama.

Jana ililetwa habari ya kifo cha mumewe. Padri, aliyerudi juzi, alinichukua twende kumfariji mjane. Tulimkuta ameikumbatia picha. Padri akaitazama, akaniinamia sikioni, ila padri wetu hajui kunong'ona. Msiba mzima ulisikia:

"Hii ni karata. Kwetu wazee wanachezea. Huyu ni msaliti. Zamani wasaliti walichorwa hivi ili waaibike."

Mama Veronika akainua uso.

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "sasa mimi siku zote hizi nilikuwa namwomba nani?"