Nilijaza Kamati ya Mafuriko Wakwe Zangu

Jamani, nimekosa! Nimejitakia mwenyewe, na aibu yake hata sijui niiweke wapi.

Mie ni mjumbe wa kamati ya mtaa wetu, huku Tandale. Mvua za siku hizi hazieleweki, zikija zinaingia hadi vitandani. Manispaa ikaleta mtaalamu, dada mmoja mpole, tupange naye mfereji upite wapi. Akanipa kazi moja: nimletee watu wa kila aina, wazee wenyeji wa pwani, wapangaji, waendesha bodaboda.

Nikaona majirani zangu, kwa mdomo walio nao, watabishana hadi magharibi. Nikachukua watu wa nyumbani kwangu! Mke wangu akawa mpangaji. Shemeji yangu, ambaye hata baiskeli inamshinda, akawa wa bodaboda. Mama mkwe, aliyehamia kwangu mwaka huu tu kutoka Njombe, nikamnunulia doti ya khanga na kikuba cha asumini, akawa mzee mwenyeji wa pwani.

Niliwaagiza kitu kimoja: nikikohoa, semeni ndiyo.

Siku ya kikao mtaalamu akauliza maji yanazuiwa na nini. Mama mkwe akasimama kabla sijakohoa.

"Sie watu wa pwani," akasema kwa lafudhi nzito ya Njombe, "tumechoka! Maji haya yalikuwaga na njia yake. Bwana mmoja kajenga sebule juu yake. Nyumba ya geti jekundu."

Geti jekundu ni langu!

Nikakohoa hadi nikaletewa maji ya kunywa. Mke wangu akadakia, "Kweli kabisa, sie wapangaji tunateseka!" Shemeji akapiga meza: bodaboda wote wanataka sebule ile ivunjwe.

Mtaalamu alifurahi mno. Alisema hajawahi kuona jamii tofauti zikielewana upesi namna ile.

Nyumbani niliwaka. Mama mkwe akanitazama bila wasiwasi.

"Baba Neema, chumba changu kinajaa maji kila mvua. Nimekwambia mara ngapi? Leo umenipa kiti, nikasema."

Nikamkimbilia mtaalamu, nikamweleza kuwa nyumba ile ni yangu. Akasema, "Pole, kaka, lakini wananchi wameshaamua. Na wewe ndiye uliyewaleta." Nikashindwa kumwambia kuwa wananchi wenyewe wanakula kwangu.

Mfereji ukachimbwa. Ukapita katikati ya sebule!

Kilichoniumiza zaidi ni mama lishe wa jirani, ambaye nilimkwepa makusudi. Alikuja kunipa pole.

"Ungetuita sie, baba, tungekutetea. Bomba tu chini ya sakafu lingetosha. Nyumba ya mtu haivunjwi hivihivi, jamani."

Nililia mbele yake, mtu mzima mie.

Wenzangu, mkiambiwa iteni watu, iteni watu! Hata wenye mdomo, hasa wenye mdomo. Mie sasa hivi nimekaa kwenye kochi, na televisheni iko ng'ambo ya pili ya mfereji.