Kanga ya Mkunga

Wanawake wa kanisani kwetu Myamba walichangishana ili niende chuo kikuu. Huyu alileta kuku, yule maharage, na mkunga wa kijiji, aliyenipokea nilipozaliwa, akatoa kanga yake ya harusi. Vyote viliuzwa kwenye mnada baada ya ibada.

Msomi wa chuo kikuu waliyewahi kumwona ni mmoja tu, daktari wa hospitali ya misheni. Kwa hiyo waliamini kila aendaye huko hurudi daktari. Mimi nilikuwa nakwenda kusomea sheria. Nilijua wanavyofikiri, nikanyamaza. Asije mtu akawaita wajinga. Mwongo nilikuwa mimi.

Nilipokuwa masomoni walibeba mawe kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja huko mlimani, wakajenga zahanati. Niliporudi nilionyeshwa humo chumba cha daktari, kimefungwa kwa kufuli. Mkunga ndiye aliyetunza ufunguo. Kilikuwa changu.

Asubuhi iliyofuata alikuja nyumbani na mjukuu wake mgongoni, mwili unamchemka kwa homa.

“Shikamoo, daktari,” akasema. Yeye, kwangu mimi.

Nikamweleza nilichosomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaza mbeleko, akashika njia ya hospitali ya misheni kwa miguu.

Kesho yake nilikutana naye akirudi. Mtoto alikuwa bado mgongoni, amefunikwa mpaka uso, kama wafunikwavyo waliokufa. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu,” akaitikia, akapita.