Alama ya Kizazi

Jamani, nisaidieni.

Leo hospitali huku Temeke nimemkuta dada kiziwi, nesi anampigia kelele utadhani atasikia. Mie lugha ya alama nimeiokota nyumbani, kwa kaka yangu kiziwi. Nikajipeleka mwenyewe: "Nitamtafsiria."

Daktari akafurahi. "Mwambie kesho tunatoa uvimbe tu. Kizazi kinabaki."

Kizazi! Mie na kaka yangu tungekiongelea wapi kizazi? Nikaonyesha tumbo, nikabembeleza mtoto mikononi. Nikajiona fundi.

Dada akatabasamu, akakubali.

Tumefika nje kanishika mkono, kagusa tumbo lake, kaniuliza kwa alama: "Wa kike au wa kiume?"

Nyie!

Nimerudi mbio, daktari kashaingia chumba cha upasuaji. Sasa dada kakaa benchi ananichekea, mie namkwepa macho.

Mama ntilie wa hapo getini, mgambo wanamdai leseni kila siku. Mie niliyetafsiri tumbo la mtu, hakuna aliyeniuliza hata nimesomea wapi.

Nani anamjua mkalimani aliyesomea kweli? Aje upesi.

Dada ameshatoa simu. Anampigia mumewe video.