Kisigino cha Jogoo

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Fundi Kwa Nini. Ukimpelekea kiatu kilichobanduka soli, atakigeuza, atatazama kisigino kilivyolika, kisha atakuuliza kwa nini unaegemea kushoto, ulianguka lini, na kitanda chako kiko upande gani wa chumba. Watu wana haraka zao, yeye ana maswali yake. Nimeishi naye miaka thelathini na mmoja, na bado kuna siku natamani kumtupia bakuli.

Mimi nafuga kuku. Nauza mayai ya kuatamiwa, yale yenye mbegu, ambayo mteja akimwekea kuku wake anapata vifaranga. Kazi hiyo haitaki ujanja, inataka jogoo mzima. Nina matetea kumi na mmoja na jogoo mmoja mwekundu mwenye maringo, tunamwita Jemadari. Jemadari akilala, biashara yangu nayo imelala.

Mwaka ule baridi ilikuja na hasira. Kila asubuhi nilivunja barafu kwenye beseni la kuku kwa mpini wa mwiko. Tulikuwa tumerundika kuni nyuma ya banda, na aliyezipanga vibaya ni mimi, sina wa kumsingizia. Jumatatu moja rundo likaporomoka, gogo likamwangukia Jemadari. Nilimkuta kalala ubavu, mguu wa kulia umepinda mahali pasipopinda.

"Niletee kisu," nilimwambia mume wangu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mguu umevunjika na baridi hii itammaliza kwa mateso. Kaka ana majogoo watatu, nitamwomba mmoja."

Alimpakata yule jogoo, akaupapasa mguu taratibu kama anavyopapasa kiatu kutafuta msumari uliochomoza ndani. "Umevunjika mahali pamoja tu," alisema. "Mfupa haujasagika. Unaweza kuunga."

"Sikio la kufa halisikii dawa, mzee."

"Hatujajua kama ni la kufa."

Basi nikamwambia hayo ni yake. Lakini tukapatana: jogoo asiyeweza kumpanda tetea ni mdomo wa kulishwa tu, nami sifugi midomo. Akipona atarudi bandani, kisha nitayapima mayai. Yakiwa na mbegu ataishi. Yakiwa matupu, kisu. Mume wangu alikubali bila kuuliza swali, jambo ambalo lilinitia wasiwasi.

Anafanyia kazi chumba cha mbele, ambacho mlango wake unafunguka barabarani. Alimwekea Jemadari boksi la viatu vya mvua kando ya jiko la mkaa, akatandika vipande vya manyoya ya kondoo yanayowekwa ndani ya buti. Nilimwonya afunike gundi, maana mapafu ya kuku hayastahimili harufu kali. Kisha akakaa kuuchunguza mguu.

"Hili ni goti," alisema, akishika kiungo cha juu ya magamba. "Linapinda kwa nyuma. Kwa nini goti lipinde kwa nyuma?"

"Muulize aliyemuumba."

Alikata ngozi ngumu, akatengeneza banzi safi la kuushikilia mfupa, lenye pamba ndani na kamba za kufungia, kuanzia juu ya lile goti mpaka vidoleni. Mguu ukanyooka kama buti la askari. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliulizwa kama mahindi yapondwe sana au kidogo, na maji yawe ya vuguvugu kiasi gani. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua viatu vyake, akachungulia boksini.

"Fundi, na huyu kaleta kiatu?"

"Kaleta mguu," mume wangu alimjibu. "Kiatu ndicho tunachokitafuta."

Siku tatu sikuingia chumba kile. Nilijifanya nina hasira, kumbe ni aibu ya zile kuni. Siku ya nne nilimpelekea chai nikamwona Jemadari. Alikuwa amelala ubavu, mguu wenye banzi umetoka nje kama kiatu kilichovuliwa na mlevi. Nikamgusa vidole. Vilikuwa baridi kama misumari, na kile cha nyuma kilikuwa kimeanza kuwa cha buluu.

"Baba, umemfunga asiweze kukaa," nilimwambia. "Kuku hulalia miguu yake. Baridi ikija anachuchumaa, anaifunika kwa manyoya yake mwenyewe. Huyu ameuacha mguu nje siku tatu."

Alilifungua banzi pale pale. Akaniomba nimletee tetea mzima. Alimweka juu ya meza ya kazi, katikati ya nyundo na nta, akamtazama akikaa, akisimama, akikaa tena. Mteja alibisha hodi akaambiwa asubiri. Mwishowe mume wangu akapenyeza kidole chini ya manyoya ya paja na uso wake wote ukafunguka.

"Goti liko huku juu, limefichwa. Kile nilichokifunga ni kisigino. Mke wangu, kuku wanatembea kwa vidole maisha yao yote. Kisigino chao hakigusi ardhi mpaka wakae."

Nimefuga kuku tangu nikiwa msichana na sikuwahi kulijua hilo. Nikainama na mimi nikapapasa, na kweli goti lilikuwepo. Kwa muda mfupi tulikuwa kama watu waliookota kitu njiani. Kisha akamgeukia Jemadari, akaona kile kidole, na furaha ikamtoka.

"Miaka arobaini natengeneza visigino," alisema, "na nimeshindwa kukitambua kimoja." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilimwambia mimi niliyekuwa nawajua kuku ndiye niliyekataa kutazama, kwa hiyo tugawane.

Banzi la pili lilikuwa fupi, liliishia chini ya kisigino. Alipolifunga tu, Jemadari akachuchumaa, akavuta mguu ndani ya manyoya, akafumba macho. Mimi nikawa nampaka mafuta ya mgando kwenye upanga wake mwekundu wa kichwani, maana ncha zake zilikuwa zimeanza kuungua na baridi. Kidole cha nyuma hakikupona. Kilikauka, kikawa cheusi, na wiki ya tatu kikadondoka chenyewe.

"Anakihitaji?" mume wangu aliuliza.

Sikumficha. Jogoo akimpanda tetea anasimama juu ya mgongo unaoyumba, na hicho ndicho kidole cha kushikia.

Wakati huo alikuwa akinisaidia kupima mayai. Tunajifungia stoo mchana, tunaziba dirisha kwa gunia, tunaweka tochi nyuma ya yai lililoatamiwa wiki moja. Mwanzoni yote yalikuwa na mishipa ya damu, alama ya mbegu. Alichangamka sana, nikamkatisha: hiyo ni kazi ya zamani, tetea huhifadhi mbegu tumboni wiki mbili na zaidi. Aliuliza anaihifadhi wapi, nikasema mimi si daktari. Baada ya hapo mayai yakaanza kutoka matupu, na nikaacha kuuza. Wateja walinuna. Kaka akasema yuko tayari kuleta jogoo wakati wowote.

Wiki ya sita banzi lilitoka. Jemadari alitembea akiinamia kulia, lakini alitembea, na matetea wakampisha kama zamani. Mume wangu alikuwa amemshonea kiatu kidogo cha ngozi chenye kijidole cha bandia kwa nyuma mahali pa kile kilichodondoka. Jemadari alikipigiza ukutani mpaka kikachomoka, na ndiye mteja pekee aliyewahi kumrudishia mume wangu kazi yake.

Kisha tukamtazama kupitia dirisha la jikoni. Alimpanda tetea akaanguka. Akajikung'uta, akazunguka banda, akajaribu kwa mwingine, akaanguka tena. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano sikucheka tena. Mume wangu alikuwa anaacha viatu vya watu mezani ili aje asimame pale, na mimi sikumfukuza.

Baada ya siku kumi nilichukua mayai sita, nikamwekea kuku aliyekuwa ameatama. Nilimwambia kaka aje na jogoo wake Jumapili jioni, siku ya saba. Jumapili asubuhi tukajifungia stoo. Yai la kwanza lilikuwa tupu, mwanga mtupu wa njano. La pili vilevile. La tatu, la nne na la tano nayo yalikuwa matupu. Nikamshika mume wangu kifundo cha mkono uliokuwa na tochi, tukalisogelea la mwisho ili tuone vizuri.

La sita lilikuwa na mishipa myekundu, na katikati nukta nyeusi iliyokuwa inacheza.

"Moja kati ya sita," nilisema.

"Linahesabika?"

Patano lilikuwa langu, na biashara haiendi kwa yai moja kati ya sita, hilo nalijua kuliko yeyote. Nilitoka nje kwenye baridi nikampigia kaka simu, nikamwambia asije na jogoo.

"Kwani wako kapona?" aliuliza.

"Bado anaanguka," nilimwambia. "Lakini ipo mara moja hakuanguka."